Mizani ya Kusadikika

Lugha yetu haijakata shauri kama ulimwengu una insafu au hauna. Mtu aliyedhulumiwa akienda kwa wazee kulalamika, mmoja humwambia kwamba malipo ni hapa hapa duniani, na kwamba wema hauozi. Mzee mwingine, ameketi katika baraza hiyo hiyo, husema kwamba mnyonge hana haki, na mwenye nguvu mpishe. Semi hizi zote ni za Kiswahili, zote ni kongwe, na zote husemwa na watu wenye akili timamu. Walakini hazipatani. Mwanafunzi anayeandika insha huchagua ile impendezayo, akaigonga mwishoni mwa karatasi yake kama muhuri wa posta, akadhani amethibitisha jambo. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo hapa Nakuru. Leo namwomba msomaji tulitazame swali hili kwa njia ndefu kidogo, kwa kukishika kitabu kimoja ambacho kililikabili pasipo kukimbilia methali.

Kitabu chenyewe ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Mwandishi wake alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika kazi ya ukarani chini ya serikali ya Kiingereza. Karani huiona serikali kwa upande wa nyuma, kama mpishi aionavyo karamu. Hunakili amri asizozitoa, hupokea malalamiko asiyoweza kuyatengeneza, na hujua ni barua gani imejibiwa na ni ipi imelazwa chini ya nyingine mpaka mwenyewe akachoka kungoja. Yamkini ndiyo sababu aliiweka nchi yake angani. Nchi ya angani haina gavana wa kukasirika.

Kwa msomaji ambaye hajakifikia kitabu, habari ni hii. Katika nchi ya Kusadikika, chini ya mfalme Jeta, mtu aitwaye Karama anashitakiwa na waziri Majivuno. Hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kwamba ameanzisha mafunzo ya sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, hashindani na waziri kwa maneno makali, bali anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi: Buruhani upande wa mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni, na Amini ardhini. Kila mmoja alikwenda kwa taabu na kurudi na jambo jema mkononi, na kila mmoja alipokewa kwa kufungwa. Siku sita baraza linasikiliza. Mwishowe mfalme anamwachilia Karama, na wajumbe wanafunguliwa.

Nikiwauliza wanafunzi kitabu hiki kinafundisha nini, jibu hunijia upesi, kwa sauti moja, kama jibu la salamu: haki hushinda. Nami huwaomba wahesabu. Katika kitabu kile kuna mashitaka saba. Sita yalikatwa kabla ya hadithi kuanza, na yote sita yalikatwa kwa dhuluma. Moja tu, la saba, linakatwa kwa haki. Mwanafunzi akipata alama moja katika saba hatumwiti mshindi, na sijui kwa nini tunaiita haki mshindi kwa hesabu hiyo hiyo. Kitabu ambacho kingetaka kutuaminisha kwamba ulimwengu una insafu kisingejaza kurasa zake kwa vifungo vya watu wema. Mwandishi angetosheka na mjumbe mmoja. Alichagua sita, akawatuma kila upande ambao mtu aweza kwenda, hata juu na chini, kana kwamba alitaka kuhakikisha kwamba hakuna upande uliosazwa ambao mtu mwema angeweza kuutegemea.

Tena tazama jinsi wajumbe wale wanavyotoka kifungoni. Wema wao haukuwatoa. Wema ule walikuwa nao siku walipofungwa, na walikuwa nao kila siku waliyokaa ndani, nao haukufungua hata kufuli moja. Waliachiliwa kwa sababu mtu mwingine, ambaye mwenyewe alikuwa hatarini, alisimama akazitaja habari zao mbele ya watu. Methali isemayo kwamba wema hauozi haikukosea, lakini Kusadikika inaonyesha kwamba kitu kisichooza chaweza kufungiwa ndani ya sanduku muda wa miaka mingi, kikiwa kizima na bila ya faida kwa mtu ye yote.

Mwaka uliofuata, 1952, Shaaban Robert alitoa kitabu kingine ambacho hupendwa zaidi na wasomaji wadogo, nacho ni Adili na Nduguze. Humo ulimwengu una insafu kweli kweli. Adili ni mwema. Ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wanamhusudu na kumtendea uovu. Nao wanageuzwa manyani. Msomaji hufurahi, na mimi hufurahi pamoja naye. Lakini nani aliyewageuza? Jini. Mwandishi alipotaka adhabu ilingane sawasawa na kosa, wala isichelewe, wala isimpate asiyehusika, hakumpata hakimu wa kuitoa miongoni mwa binadamu. Ilimbidi aite kiumbe kisicho mtu. Huo ni ungamo mkubwa kuliko unavyoonekana. Na hata pale, insafu ya jini haikuwa safi, kwa maana Adili alilazimishwa kuwapiga ndugu zake kwa mjeledi kila usiku, naye aliwapiga huku akilia. Mkosaji aliadhibiwa, na mkosewa akapewa kazi ya kuadhibu. Sikumbuki kitabu kingine cha Kiswahili kinachoonyesha vizuri hivi jinsi adhabu inavyoweza kuwa mzigo wa asiye na hatia. Wanafunzi hucheka manyani, wakayapita machozi.

Hivyo basi tuna vitabu viwili vya mkono mmoja, vilivyopishana mwaka mmoja, na majibu mawili. Katika Adili insafu hutoka kwa viumbe wasioonekana. Katika Kusadikika hakuna jini wa kuokoa mtu. Kuna baraza, mshitaki, mshitakiwa na msikilizaji. Kwa sababu hiyo mimi naona Kusadikika ni kitabu cha watu wazima zaidi, na ndicho kinachostahili kulaumiwa kwa ukali zaidi, maana aliyekaribia ukweli hupimwa kwa mizani nyembamba.

Lawama yangu ya kwanza ni juu ya majina. Waziri anaitwa Majivuno. Mtu aitwaye Majivuno atafanya nini isipokuwa kujivuna? Kabla hajafumbua kinywa msomaji amekwisha kumhukumu, na Karama amekwisha kushinda kwa jina lake. Najua kwamba desturi hii ni ya zamani katika hadithi za mafundisho, na mwandishi aliitumia kwa ustadi. Lakini inamzoesha kijana kuamini kwamba dhuluma huja na jina lake limeandikwa kifuani. Huenda nje ya darasa akitafuta mtu mwenye uso wa Majivuno. Asipompata, hudhani kwamba hakuna dhuluma.

Dhuluma kubwa kuliko zote iliyotendeka katika Bonde hili la Ufa tunamokaa haikuwa na uso wa Majivuno. Ilikuwa na karatasi safi, maandishi mazuri na mahakimu wenye adabu. Naomba msomaji anivumilie niieleze kwa urefu, kwa kuwa inafanana na Kusadikika katika mambo mengi, na pale inapoachana nayo ndipo tunapoweza kukipima kitabu.

Kutoka Naivasha kupita Elmenteita hata Nakuru palikuwa malisho ya Wamasai. Majina haya hasa ni yao. Nakuru ni mahali pa vumbi, na Naivasha ni maji yanayochafuka kwa upepo. Jina lilipita katika vinywa vya wageni likageuka kidogo, lakini mwenye lugha bado hulitambua. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Baada yake walikuja walowezi, nao walitaka nchi iliyo karibu na reli. Mwezi wa Agosti 1904 yaliandikwa mapatano baina ya serikali ya Kiingereza na viongozi wa Wamasai, mmoja wao Olonana, laibon mkuu. Wamasai waliondoka katika sakafu ya Bonde wakaenda kukaa katika sehemu mbili walizotengewa, moja Laikipia upande wa kaskazini, na ya pili kusini ya reli. Walipewa ahadi kwamba mapatano yale yatadumu maadamu kabila lao lipo.

Kabila halikufa, ahadi ndiyo iliyokufa. Yalipita chini ya miaka saba tu, kwani mwezi wa Aprili 1911 yaliandikwa mapatano mengine, ambayo kwayo Wamasai wa Laikipia walitakiwa kuhama tena, wakiwa na wake, watoto na mifugo, kwenda kusini kuungana na wenzao. Safari ile ilipita katika nyanda za juu za Mau, na baridi na mvua za huko ziliangamiza mifugo na watu.

Alikuwako kiongozi mmoja wa Laikipia, Parsaloi ole Gilisho, ambaye Wazungu walimwita Legalishu. Huyu na wenzake hawakushika mikuki. Walifanya jambo ambalo Karama angelifurahia kama angelisikia: walitafuta wakili, Mwingereza jina lake Alexander Morrison, wakaishitaki serikali. Shauri lilisikilizwa katika Mahakama Kuu, Mombasa, mwaka 1913. Madai yao yalikuwa wazi kiasi cha kueleweka na mtoto. Mlituahidi kwa maandishi, ahadi imevunjwa, na wale waliotia alama katika karatasi ya pili hawakuwa na mamlaka ya kuifuta ile ya kwanza.

Mahakama haikujibu kwamba ahadi haikuvunjwa, wala haikujibu kwamba ilivunjwa. Haikulifikia swali hilo kabisa. Ilisema kwamba nchi hii, wakati ule ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, haikuwa sehemu ya milki ya mfalme wa Uingereza bali nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Kwamba Wamasai katika nchi hiyo si raia wake. Na kwamba mapatano baina yao na serikali ni mkataba baina ya dola na dola. Mikataba ya namna hiyo, mahakama ikasema, haiwezi kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Rufani ilipelekwa, nayo mwaka ule ule wa 1913 ikashindwa kwa hoja kama hiyo.

Soma tena hoja hiyo polepole, msomaji, maana ni ya werevu sana. Wamasai walihesabiwa kuwa huru kiasi cha kutoweza kumshitaki mfalme katika mahakama yake, lakini hawakuwa huru kiasi cha kukaa mahali pao. Walipotaka ardhi, walikuwa watu wa kuamriwa. Walipotaka hakimu, wakawa dola ya kigeni. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa sababu wao ni wageni, na nyumba ilikuwa yao.

Sasa rudi Kusadikika. Karama alikuwa na adui mkali aliyetaka afe, lakini alipewa siku sita za kusema, na watu wakasikiliza. Ole Gilisho hakuwa na adui aliyepiga kelele mahakamani. Alikuwa na watu wapole waliomwambia kwamba hawana uwezo wa kumsikiliza. Shaaban Robert aliifahamu dhuluma ya chuki, akaichora vizuri hata leo inatisha. Dhuluma ya upole, ile isiyokataa haki yako ila hukuambia kwamba dirisha lake si hili, hakuichora katika kitabu hiki, ingawa karani wa serikali bila shaka aliiona kila wiki. Hilo ni pengo. Wasomaji wetu wengi watakutana na dirisha la namna hiyo mara nyingi kabla ya kukutana na waziri mwenye upanga.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atainua mkono. Atasema: Mwalimu, umetueleza habari za wafalme na mahakama, lakini swali lilihusu ulimwengu wenyewe. Mvua, maradhi, njaa, kuzaliwa huku au kule: hivi vina insafu? Ni pingamizi njema, na kitabu cha Kusadikika hakiijibu, kwa kuwa katika kitabu kile karibu kila baya hutoka kwa watu. Itatubidi tuitafutie jibu nje, na Nakuru haina upungufu wa mifano.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 pale Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Alikuwa na cheo, mali na urafiki wa wakubwa. Alileta mifugo, ikafa kwa maradhi ambayo hakuyajua. Alipanda ngano, ikaliwa na kutu, ule ugonjwa unaoyafanya mabua kuwa mekundu kama chuma kilichonyeshewa. Alipoteza fedha nyingi sana kabla ya kupata mbegu zilizoweza kuvumilia. Kutu ile haikusoma mkataba wake. Haikumpa adhabu wala haikumwonea; ilikula ngano kwa kuwa ngano ilikuwapo. Kama kuna usawa wo wote katika maumbile ni wa namna hii, yaani kutojali. Si insafu, maana insafu huangalia nani amefanya nini, na kutu haiangalii.

Ziwa letu hufanya vivyo hivyo. Katika miaka ya 1990 lilikauka karibu kwisha, hata watu wakawalilia heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wakidhani hawatarudi. Kisha tangu mwaka 2010 hivi maji yakaanza kupanda, wala hayakukoma. Yalifunika lango kuu la mbuga, yakaingia katika ofisi, yakatoka nje ya mipaka yakafika katika nyumba za watu huko Mwariki na Barut. Mtu aliyejenga kwa akiba ya miaka ishirini alikuta samaki mlangoni. Nani wa kushitakiwa? Ziwa halina nia. Lakini hata hapa naomba tusiseme upesi kwamba ni maumbile tu. Maji yalipanda kwa wote, ila si wote waliokuwa wamelala kando ya maji. Kiwanja cha bondeni huuzwa kwa bei ambayo mwenye mshahara mdogo aweza kuifikia. Aliye na zaidi hujenga mlimani upande wa Menengai, akaliona ziwa kwa mbali na kusifu uzuri wake. Maji hayakuchagua maskini. Bei ya ardhi ilikuwa imekwisha kuchagua kabla yake.

Na mfano wa tatu ni mzito kuliko yote, nami nautaja kwa hofu kwa kuwa wako wasomaji ambao jamaa zao wamo ndani yake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, baada ya mvua nyingi za masika, ukingo wa bwawa moja la shamba kubwa ulipasuka, maji yakateremka juu ya watu waliokuwa nyumbani mwao. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto. Kesho yake ilisikika sauti ya watu wakisema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, na nyingine ikisema kwamba ni mvua. Sina elimu ya kuyapima mapenzi ya Mungu. Lakini mvua naijua: mvua haijengi ukingo, haiachi kuukagua, wala haichagui ni nyumba za nani zitakuwa chini yake. Mvua ilikuwa ya ulimwengu, na bwawa lilikuwa la watu. Kamati ya Seneti ilikwenda kuchunguza, na mwaka ule ule watu kadhaa walishitakiwa katika mahakama ya Naivasha. Mwendo wa shauri lile ulikuwa mzito, na walioachwa nyuma wamelalamika, nao wana sababu. Hata hivyo, hapakutokea hakimu wa kusema kwamba watu wa Solai ni dola ya kigeni isiyoweza kusikilizwa. Tofauti hiyo na mwaka 1913 haikuanguka kutoka mbinguni. Ililetwa na watu, na baadhi yao walifungwa kwa ajili yake kama Buruhani na wenzake.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kujibu swali, nasema kwamba ulimwengu wenyewe hauna insafu na wala hauna dhuluma. Una mvua, kutu, na maji yapandayo na kushuka. Insafu ni kazi ya mikono, kama ukingo wa bwawa, na huweza kujengwa vibaya, kuachwa bila ya kukaguliwa, au kukosa kujengwa kabisa. Naamini Shaaban Robert aliona hivyo pia, na dalili yake ni lile shitaka alilomtwika Karama. Mwandishi alikuwa na uhuru wa kumpa kosa lo lote. Angaliweza kumshitaki kwa kumtukana mfalme, au kwa kuficha mali, au kwa kupenda binti asiyemstahili, kama hadithi nyingi zilivyo. Alichagua kufundisha sheria. Mtu anayeamini kwamba ulimwengu una insafu yake wenyewe hana haja ya kufundisha sheria, atangoja tu. Na dola isiyoogopa kitu haimshitaki mwalimu. Ndani ya shitaka lile mwandishi ameweka fikira yake iliyo bora, nayo nadra sana huiona imetajwa katika insha za wanafunzi, ambao humsifu Karama kwa ushujaa wakasahau alikuwa shujaa wa somo gani.

Ndiyo maana mwisho wa kitabu hunisumbua. Karama ameshitakiwa kwa kufundisha sheria, lakini haokolewi na sheria. Anaokolewa na sikio la Jeta. Katika Kusadikika hakuna kifungu cha kumpa mshitakiwa haki ya kusema siku sita, wala kitabu cha hukumu ambacho mfalme amefungwa nacho, wala mahali pa kukata rufani. Kuna mfalme aliyependa kusikia hadithi, na moyo wake ukalainika. Je, kama siku ya nne angekuwa na homa? Kama angechoshwa na habari za Auni, akapiga mwayo, akamwambia Majivuno amalize kazi? Uhuru wa Karama na wa wale sita ni zawadi, na kinachotolewa kama zawadi chaweza kunyimwa bila ya dhambi. Mwandishi aliyetuonyesha kwamba haki yataka kufundishwa alirudi nyuma katika kurasa za mwisho, akatupa haki itokayo katika rehema ya mtu mmoja.

Wako wanaomtetea. Husema kwamba mwaka 1951 mwandishi Mwafrika chini ya serikali ya kigeni hakuweza kuandika habari za mfalme aliyelazimishwa. Alichoweza ni kumwonyesha mfalme mwema, ili watawala wa kweli waone haya. Utetezi huu una uzito, na mara nyingi hunitosha. Lakini siku nyingine haunitoshi. Miaka 38 kabla ya kitabu kile kutoka, watu wa Laikipia walikuwa wamekwisha kusimama Mombasa bila ya kumsimulia hakimu hadithi ya kumlainisha moyo. Waliomba jambo gumu zaidi kuliko rehema, yaani kwamba maandishi yashikwe kama yalivyoandikwa. Walishindwa, ndiyo. Ombi lao, hata hivyo, lilikuwa la watu wanaojua sheria ni nini, na natamani Karama angeliomba hilo hilo hata kama kitabu kingemalizika vibaya.

Jambo moja zaidi, ambalo huwapa wanafunzi wangu kama zoezi, nao huliona gumu kuliko yote. Wajumbe sita wanafunguliwa. Tuzo yo yote ambayo mfalme angewapa haiwezi kuwa miaka. Amini, aliyetumwa ardhini, alipotoka kifungoni alikuwa na umri gani? Nani alikuwa analima shamba la Buruhani? Fadhili alipofika nyumbani, walimjua? Huwaambia waandike kurasa mbili juu ya jioni ya kwanza ya mjumbe mmoja wampendaye, bila ya methali hata moja. Muhula uliopita kijana mmoja alimwandika Kabuli akiwa amekaa nje ya mlango wake mwenyewe hata giza likaingia, akingoja mtu amfungulie, kwa sababu mkono wake ulikuwa umesahau kwamba milango hufunguliwa kwa ndani na kwa nje. Nilimpa alama nyingi, kisha nikamwuliza kama bado anaandika kwamba haki ilishinda. Akasema anaomba siku mbili za kufikiri.